Siku Niliyokaa Kwenye Kiti cha Abiria

Baharini, Machi 1996

Ndugu yangu mkubwa Joel,

Chamgei. Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Nauliza hali yako, ya mke wako na watoto, ya ng'ombe, na ya majani chai kama mvua imeanza. Hali ya Mama siulizi. Nimeshaijua.

Usianze kutafuta nani aliniambia. Nitakuambia mwenyewe, kwa sababu mimi sina la kuficha.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku ambayo meli haifiki bandari yoyote. Asubuhi hadi jioni ni maji tu, na abiria, ambao wengi ni wazee waliostaafu, wanaipenda siku kama hiyo kuliko zote. Hakuna mji wa kukimbilia. Wanajilaza huko juu kwenye viti virefu vya mbao, blanketi magotini, kitabu kimefunguka kifuani, wanasinzia. Mmoja akiamka anaangalia bahari, anasema ni nzuri, analala tena. Sisi wahudumu siku hiyo hatukai hata kidogo, maana mtu aliyepumzika anakula kutwa. Saa nne supu, saa saba chakula, saa kumi chai na keki. Mimi nilikuwa wa chai.

Saa tisa na nusu nilikuwa jikoni napanga vikombe na Stanley, mtu wa Chepseon aliyepanda meli wiki hiyo tulipokuwa Singapore. Nilikuwa nimefurahi sana kupata mtu wa kuongea naye Kikipsigis. Akanishika mkono, akasema, "Nimechelewa kukupa pole ya mama. Tangu nifike hatujapata nafasi."

"Mama gani?"

"Mama yako. Nilikuwa mazishini. Watu walijaa boma mpaka wengine wakasimama katikati ya majani chai."

Nikamwambia amekosea mtu. Joel ameniandikia Krismasi kwamba Mama anatembea vizuri, goti limepona. Stanley akaniachia mkono. Akasema polepole, "Walimzika mwezi wa kumi na moja. Nilifikiri unajua. Aki nisamehe."

"Kwa nini hawakuniambia?"

"Nilisikia kaka yako akisema usisumbuliwe, usije ukaacha kazi."

Joel, barua yako ya Krismasi ninayo. Umeandika kwa mkono wako, "Mama anakusalimu sana, anasema uvae nguo za baridi." Ni maneno yake kabisa, ndiyo maana niliamini. Emily mke wangu naye akaandika mwezi wa pili kwamba Mama ananiombea kila jioni. Mlikaa wapi mkatunga hayo? Mezani kwake? Ulipokuwa unaandika ile ya nguo za baridi, kalamu haikukukataa?

Kengele ya saa kumi ikalia. Nikabeba trei, nikapanda juu. Niliwamiminia chai watu kama saba, nikitabasamu vile tulifundishwa. Wa nane alikuwa mama mzee mwenye kofia ya sufu, na karibu naye kulikuwa na kiti kitupu. Nikaweka trei chini, nikakaa. Na sare yangu nyeupe, Joel, kwenye kiti cha abiria, jambo ambalo sijawahi kuona mhudumu akilifanya.

Yule mama akaniuliza kwa Kiingereza kama naumwa. Nikamwambia mama yangu amekufa.

"Leo?"

"Miezi minne iliyopita. Nimejua sasa hivi."

Hakunichimba zaidi. Alitoa blanketi magotini mwake akanifunika mimi, kisha akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwambia. Nilimweleza vile Mama alikuwa akibeba jiwe kwenye kikapu chake cha majani, jiwe alilokuwa amelipima kwa mzani wa posho mill anakosagia mahindi, ili akifika kituo cha kuuzia majani aliweke kwanza juu ya mzani wa karani mbele ya watu wote. Mzani ukidanganya anauliza, "Karani, jiwe langu limekonda lini?" Yule mama alicheka mpaka akashika kofia. Mimi pia nikacheka, halafu ndipo nikalia. Mtu nisiyemjua jina ndiye aliyekaa matanga na mimi. Wewe tuliyelala nawe tumbo moja ulininyima.

Mkuu wetu akanikuta hapo. Akasema kwa sauti ndogo, abiria wasisikie, "Simama."

Nikasema, "Bado."

Yule mama alijaribu kunitetea, lakini haikusaidia. Jioni hiyo hiyo niliondolewa kwa wahudumu, nikapelekwa chini kabisa kuosha masufuria, mahali hakuna dirisha. Mkataba ukiisha mwezi wa sita hawataniita tena. Kwa hivyo kazi mliyoogopa nitaiacha, yenyewe imeniacha.

Najua utasema mlifanya kwa ajili yangu na watoto. Labda hata ungeniambia wenye meli wasingeniruhusu kuja, na maiti isingengoja. Sawa. Lakini ile huzuni ilikuwa yangu. Mwezi wa kwanza nilimnunulia Mama shali. Nilisimama dukani muda mrefu nikichagua rangi, mpaka muuzaji akachoka na mimi. Fikiria hiyo, ndugu yangu.

Nisalimie mke wako, na shangazi yetu wa Chebunyo, na mchungaji aliyemwombea Mama kaburini. Emily mwambie nitamwandikia hasira ikipungua. Watoto wangu wasisikie neno baya juu yako, wewe ni baba yao mkubwa. Nikija usichinje kitu wala usiite watu.

Ila kuna jambo moja nataka unijibu kwa barua, kabla sijafika. Nimemuuliza Stanley, hajui, kwa sababu hakuwa ndani ya nyumba. Mama alipozidiwa, aliniuliza? Na kama aliniuliza, mlimwambia ukweli, ama yeye pia mlimwambia niko njiani nakuja?

Mdogo wako, ambaye bado hajamzika mama yake,

Wesley