Mawe ya Mugisho

Jumatatu, 7 Oktoba

Chai imepoa tena. Nimechelewa kwa sababu ya marker: tatu zimekauka, ya nne imevujia mfukoni. Gauni langu la kijani sasa lina doa la buluu kubwa kama kiganja. Papa Deo amecheka. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na mume wangu bado anacheka kwanza, anasaidia baadaye.

Siku ya kwanza ya atelier, warsha ninayoiongoza. Ukumbi wa parokia, viti kumi na sita kwa duara. Makabila manne: Bashi, Barega, Bahavu, Bafuliru wawili. Kwenye karatasi inaitwa atelier ya kuponya mioyo ya jamii zenye mila mbalimbali. Papa Deo anaiita atelier ya kulia.

Nimemuuliza kila mtu angependa aitwe nani. Mama Esther. Mama Innocent. Papa Bahati. Ni kawaida yetu, mwanamke akishazaa hakuna anayekumbuka jina lake la usichana. Mmoja tu amejibu tofauti, muuza mboga za lenga-lenga wa miaka sitini hivi, mwembamba, kitambaa kimefungwa vizuri sana kichwani. "Nabintu. Basi." Nimeandika Nabintu, nikaendelea na wa pili.

Nina furaha. Nina hofu pia. Nimefundisha watoto miaka kumi na minane na hawakuwahi kunitia hofu hivi.

Jumanne, 8 Oktoba

Wameongea vizuri mno. Mpaka nimeanza kushuku.

Nabintu ametusimulia alivyokimbia vita kijijini kwao, upande wa Walungu, na sufuria moja na kikwembe kimoja. Amelia. Nimelia naye. Mwishoni wote wamesema wamesameheana. Saa sita kamili, kabla hata ya chakula.

Wakati wa pause Papa Bahati amenivuta pembeni. Ni muzee wa Shabunda, anasinzia tangu asubuhi na bado anasikia kila kitu. "Mwalimu," ameniambia kwa upole, "ile ni hadithi yake ya atelier. Mwaka jana njo ile ile. Ata mimi niko na yangu." Hii ni atelier yake ya saba. Anajua module za mwongozo kuliko mimi.

Nimeudhika. Nimekula bugali bila kuonja. Wanatupa tunachotaka, kama watoto wangu wa darasa walivyokuwa wakijibu "ndiyo, Mwalimu" bila kuelewa chochote. Halafu nikamtazama Papa Bahati akisinzia huku Mama Esther akimshonea kola iliyotoka, na hasira ikaisha. Nawapenda tayari. Siku mbili tu.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku mbaya. Kosa ni langu.

Leo tulikuwa na zoezi la mto wa maisha. Kila mtu anapewa papier géant, karatasi kubwa, anachora maisha yake kama mto: pa utulivu, pa mawe, pa maporomoko. Papa Bahati amechora samaki watupu. Nabintu hakuzungumza na mtu. Amechora mistari miwili ya kushuka, ikakata kona kando ya mti, na pande zote mbili mawe. Moja moja. Kila jiwe na umbo lake. Ametumia saa nzima. Sijawahi kuona mtu akichora jiwe kwa upendo namna ile.

Nimebandika mchoro wake katikati ya ukuta. Nimewaambia wote: tazameni mto wa Nabintu. Wakapiga makofi.

Mama Esther akasimama. Huyu ndiye mshonaji, mtu wa Mwenga, mcheshi wetu. Akatazama mchoro. Akaupasua katikati.

"Iyi haiko muto! Iyi ni rigole yake! Maji yake iko nabomoa nyumba yangu, sasa ananichorea yo mpaka mu atelier, na weye Mwalimu unamupigia makofi!"

Akatoka na nusu ya karatasi mkononi. Nabintu akakunja nusu iliyobaki, akaiweka kwenye kikapu chini ya lenga-lenga.

Kumbe ni majirani, kule mtaa wa Cimpunda, mlimani. Nabintu juu, Mama Esther chini, na rigole, mfereji wa maji ya mvua, katikati yao. Wote walijua isipokuwa mimi. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kubandika.

Alhamisi, 10 Oktoba

Barega wamekaa karibu na mlango. Bashi wamekaa dirishani. Bahavu na Bafuliru hawakujua pa kukaa, wamesimama na vikombe vyao. Duara langu limekwisha.

Mama Esther amekuja, sijui kwa nini. Amesema mbele ya wote kwamba Nabintu ni Mushi, anammwagia yeye maji kwa sababu ni Murega. Mama Innocent akasema Barega wanajenga popote kisha wanadai mlima usogee. Ikawa kelele. Nabintu alitazama mikono yake.

Juzi tulisameheana vita. Leo tumeshindwa na maji ya mvua.

Nimeona aibu. Papa Deo hakutania. Amenikandia goti la kushoto bila kuombwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepanda Cimpunda nyuma ya Nabintu. Hakunikaribisha, hakunifukuza pia. Goti limelalamika njia yote.

Nilipofika nikasimama. Mti wa parachichi. Kona. Mawe. Yote yalivyo kwenye karatasi, hata lile lenye pembe kama sikio. Amechora rigole yenyewe, jiwe kwa jiwe, bila kuiangalia.

Na chini, pale mawe yanapoishia, maji yanatoka na kupiga moja kwa moja ukuta wa Mama Esther. Ukuta wa udongo na mbao. Umeinama. Nyuma yake nilisikia cherehani inakwenda. Dirisha lake liko upande huo tu, kwa hiyo ameiweka hapohapo penye mwanga. Ukuta ukianguka, cherehani inakwenda nao, na chakula cha nyumba nzima.

Nabintu akaniambia. Alikuwa na mtoto mmoja, Mugisho. Alipanga mawe haya kiangazi kimoja, akiyabeba kutoka bondeni begani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wiki moja baada ya kumaliza akaenda Walungu kwa pikipiki, akaanguka njiani. Ni miaka minne sasa. Wakati huo chini palikuwa na majani tu. Mama Esther amejenga baadaye. Tangu mazishi watu wameacha kumwita Mama Mugisho. Walidhani wanamhurumia.

Nikamuuliza kwa nini hakusema hayo siku ya Jumanne. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto.

"Bantu ba atelier banaulizaka tu vita. Pikipiki haiko vita. Basi nabapatiaka vita."

Nimemwomba amwambie Mama Esther. Amekataa. Baada ya aliyoyasema jana? Atadhani nimetunga uongo juu ya maiti, amesema. Akanitaka niape kunyamaza. Nimeapa. Sheria hiyo mimi mwenyewe nimeiandika ukutani kwa marker: kinachosemwa kwetu hakitoki. Sasa imenikaba.

Wakati wa kushuka Mama Esther akanisimamisha mlangoni. Bado ana hasira nami, lakini ameona doa. "Leta ile robe, Mwalimu. Nitaweka mufuko juu yake. Huwezi kutembeaka hivi, bado uko muzuri." Nimesimama pale nikiwa na jibu lake lote mdomoni, na nimemwambia asante tu. Nimejichukia mpaka nyumbani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua tangu saa nane mchana. Kubwa. Nimefua gauni, doa halitoki. Papa Deo anauliza kwa nini natazama bati. Sijamwambia. Nimeapa.

Jumapili, 13 Oktoba

Habari nimeipata baada ya misa. Nusu ya ukuta wa Mama Esther imeanguka jana. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Cherehani imeokoka. Watu wawili waliibeba kwenye matope mpaka barazani kwa Nabintu: Mama Esther na Nabintu mwenyewe. Mama Esther akaifunika kikwembe, akarudi kwake.

Kesho Mama Esther anakwenda kushtaki kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa. Ana haki. Na chef akija atavunja rigole asubuhi moja, na ile mitaa yetu tunaijua, mawe mazuri kama yale yatakuwa kwenye misingi ya watu kabla ya jioni.

Nimejaribu kuandaa module ya mwisho. Inasema: "Washiriki wanataja waliyopitia katika vita." Nimeisoma mara tatu. Nimeikunja nikaitia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Meza imetulia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mama Esther alikuja kuaga tu. Viatu vya matope, kikwembe cha kwendea kwa chef. Nimemwomba akae dakika kumi. Amekaa kando ya mlango.

Nimewaambia leo vita vimepumzika. Leo kila mtu amtaje mtu anayemkosa, aliyekwenda kwa njia yoyote. Ugonjwa, ajali, uzee. Chochote.

Kimya. Kirefu mno. Nilitamani kukijaza, nikajizuia, nikauma ulimi kweli.

Aliyeanza ni Papa Bahati, macho wazi kabisa. Mke wake. Sukari. Alikuwa akimkata kucha za miguu kila Jumamosi, na sasa Jumamosi hajui afanye nini. Atelier saba na hakuwahi kumtaja, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Akajifuta uso kwa kofia.

Kisha Mama Innocent. Kisha Mufuliru mmoja.

Kisha Nabintu. Hakulia hata kidogo. Mikono kwenye magoti. Amesema Mugisho. Pikipiki. Kiangazi. Mawe aliyoyabeba begani mpaka shati likatoboka. Amesema kila mvua ikinyesha anasikiliza maji yakipita mikononi mwa mtoto wake. Amesema alijua ukuta unainama. Alijua, na hakuweza kuyang'oa.

Nilimtazama Mama Esther. Niliogopa.

Halafu akauliza, sauti ndogo ambayo sikuijua: "Ile mawe, njo yeye alipangaka?"

"Njo yeye."

"Na miye niko nayatukana kila siku."

Akahama kiti chake. Hakumkumbatia, Mama Esther si mtu wa hivyo. Alikaa pembeni ya Nabintu, akaona uzi umetoka kwenye mkono wa blauzi yake, akauinamia na kuukata kwa meno.

Nimelia kama mjinga. Papa Bahati amenipa kofia.

Jumatano, 16 Oktoba

Mgongo umekufa. Mikono yangu ya mwalimu imejaa malengelenge. Naandika vibaya.

Hatukumwita chef. Tumekwenda kumi na mmoja, na majembe na beleshi. Rigole sasa inakata kona mapema, juu ya mti wa parachichi, inazunguka na kuangukia mfereji mkubwa wa njiani. Maji hayafiki tena kwa Mama Esther.

Mawe yalikuwa kazi ya wale wawili. Hatukuruhusiwa kuyagusa. Nabintu aliyang'oa moja moja, akayafuta, akamkabidhi Mama Esther. Mama Esther aliyapokea kwenye kikwembe chake kama anayepokea mtoto, akayapeleka mahali papya. Walibishana juu ya kila jiwe. Hili lilitangulia lile. Hapana, lile. Mama Esther hakuwahi kuyaona yakipangwa na bado alibisha. Kisha akaingia ndani akatoka na ile nusu ya karatasi aliyoondoka nayo, Nabintu akatoa yake, wakaziunganisha kwenye majani, wakafuata mchoro.

Limebaki jiwe moja tu, lile la sikio. Halikupata nafasi kwenye kona mpya. Nabintu amelishika muda mrefu. Mama Esther akalichukua, akaliweka kwenye msingi wa ukuta mpya anaoanza kuujenga, upande wa dirisha. Nabintu hakupinga.

Jumapili, 20 Oktoba

Papa Deo anataka kujua kama atelier yangu ijayo itahitaji majembe. Nimempiga na taulo.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimekwenda Cimpunda kuchukua gauni nililomwachia Mama Esther. Mvua ikanikuta juu, nikaingia kwa Nabintu. Amenipa chai na beignet. Ukutani ametundika mchoro, nusu mbili zimeshonwa pamoja kwa cherehani, uzi mwekundu. Mshono umekwenda kombo. Nabintu amesema amemwambia Mama Esther, na Mama Esther amesema karatasi si kitenge, aache kelele.

Tulisikiliza. Maji yalipita, yakakata kona, yakaendelea.

Halafu sauti ya Mama Esther kutoka chini, kubwa, mpaka wa ng'ambo wasikie:

"Mama Mugisho! Eh, Mama Mugisho! Maji imepita muzuri!"

Kikombe cha Nabintu kilisimama hewani. Niligeuka kutazama mlango ili asione ninamwona.

"Nasikia, Mama Esther," akajibu baadaye. "Niko nasikia."

Akanywa chai yake. Nami nikanywa yangu.