Nilivyoshikwa Mkono Ndani ya Manowari

Jumamosi

Basi nimeiona hiyo manowari chini ya bahari, na imenitosha. Serikali iliizamisha yenyewe, kwa makusudi, ili samaki wapate makazi. Sisi wa mtaa wa Blacktown, huku ughaibuni, tunapanga foleni kukagua nyumba za kupanga. Samaki wamepewa meli nzima.

Nilijiponza mwenyewe. Sista Helen, mkuu wa wadi yetu, huzamia baharini kila wiki na umri wake ule wa kustaafu. Aliniuliza mbele ya manesi wenzangu wote kama naogopa maji. Mwanamume atajibu nini? Kozi ya kuzamia nilikuwa nimeifanya, ila kwenye bwawa lenye maji ya uvuguvugu.

Leo maji yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Tulipoingia kwa tundu lililokatwa ubavuni mwa meli, samaki mkubwa kama ndama akatokea gizani, akanitazama. Nikasahau kozi yote. Nikahema kama mbwa aliyefukuzwa, na hewa kwenye mtungi ikawa inashuka upesi.

Sista Helen akanishika mkono. Akahesabu kwa vidole, taratibu, mpaka pumzi zikatulia, kisha akaniongoza nje kama mgonjwa anayejifunza kutembea.

Nyumbani binti yangu Tasha akataka kujua kama niliogopa: "Were you scared, Dad?"

"Hapana, mwanangu."

Mama yake akacheka hadi akaweka mwiko chini.

Niliogopa. Nilidhani nitafia mle.

Jumatatu Sista Helen atasimulia wadini. Yeye hana tabia ya kutia chumvi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi: ukweli wenyewe unatosha.