Mkono Ulioishia Njiani

Tuwan, Kitale
Jumatatu

Kaka yangu mpendwa Kizito,

Pokea salamu zangu nyingi. Shemeji na watoto hawajambo? Na yule mtamba wa mahari, amepona kwato? Mimi mwili mzima, ila tangu jana nimepigwa na butwaa. Simu nimeshindwa kupiga, kwa maana haya hayasemeki.

Jana ilikuwa fainali ya chesi hapa Kitale. Mpinzani wangu alikuwa mwalimu mmoja mtu mzima, Phelista, ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Tulipokaa akaninyooshea mkono. Papo hapo mtangazaji akasoma jina langu na la marehemu baba, na mkono ule ukaishia njiani. Akauficha chini ya leso, akageuza kiti upande, macho kwenye ubao. Nikasema moyoni, huyu ana madharau, lakini nikaanza kucheza.

Kaka, yule mama alinichapa! Farasi wake waliingia kwangu kama ng'ombe kwenye mahindi, malkia wangu akakosa pa kukimbilia. Hapo ndipo nikakumbuka ule mkono. Sheria ya mashindano yetu ni kwamba anayekataa kusalimia amepoteza mchezo. Nikamwita refa, Kipketer, nikashtaki. Kipketer akamsihi anipe tu mkono tuendelee, ati kila mtu anaona kwamba anashinda. Mama akatikisa kichwa. Alipoulizwa ana shida gani nami, akajibu hana shida yoyote, ila hawezi. Akainuka akaenda zake. Nikapewa kombe, nami bila haya nikalibusu.

Jioni Nekoye, binti tunayekwenda kumposa Jumamosi, akanipigia akilia, akaniuliza kama najua nimemshtaki nani. Kaka, ni mamake! Alinitambua kwa jina la baba, na wajua kwetu mtu hapeani mkono na mama mkwe. Kulitangaza jambo hilo hadharani, na sisi bado hatujabisha hodi kwao, asingethubutu. Ameachilia ushindi ili bintiye aolewe kwa heshima. Nami sikushtaki kwa ajili ya sheria, nilishtaki kwa sababu nilikuwa nashindwa.

Nilidhani posa imekufa. Lakini Nekoye anasema mamake ametuma neno moja tu, kwamba Jumamosi tufike kwao Kibabii mapema kabla ya mvua. Hilo ndilo limenimaliza.

Kombe nimelifunga kwa gazeti, jirani yangu Wabwile atakuletea pamoja na barua hii. Siku hiyo ya posa umkabidhi mama huyo wewe, kaka, mkono kwa mkono, umwambie ni lake. Mimi nitasimama uani. Mkono niliotaka kumlazimisha anipe, sasa hata wa kumwomba msamaha sina ruhusa ya kumpa.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na uniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Mukhisa