Kaka, Umeondoka na Amri Nne

Kaka Masanja uliyeko Geita,

Shikamoo sitoi. Shikamoo hupewa mkubwa aliyepo. Barua hii nimempa dereva wa lori la pamba, nikamwagiza asikukabidhi mkononi. Amtafute mtu wa kuisoma kwa sauti hapo kambini kwenu, mbele ya wachimbaji wenzako mnaokula nao ugali. Najua wewe ndiye msomi wa huko. Lakini hii sitaki uisome. Nataka usikie ikisomwa, na wenzako wakutazame usoni.

Mwandiko usinicheke. Niliishia darasa la pili, na unajua vizuri kilichonikatisha hapo. Hata hivyo, kijijini kwetu hakuna anayeandika barua kunishinda, ukimtoa karani wa pamba, na yule analipwa.

Unakumbuka siku baba alipotuita wote wawili uani? Alisema, "Ng'ombe hawawezi kujichunga. Mmoja asome, mmoja achunge." Akakutazama wewe, akanitazama mimi, akanipa mimi fimbo. Nililia nyuma ya ghala la mtama. Ukanifuata ukaniambia, "Nyamaza, Shija. Kila nitakachofundishwa misheni nitakurudishia hapa hapa nyumbani." Nikapangusa makamasi, nikakuamini. Mjinga mimi.

Sikatai, mwanzoni ulitimiza. Ulipomaliza masomo, mama akakuomba uwafundishe na wadogo zetu, Luhende na Kabula, maana masika mto hujaa na kanisa liko ng'ambo. Ukasimama mlangoni mwa zizi jioni, ng'ombe wetu kumi wakiingia mmoja mmoja, nawe ukampa kila mmoja moja ya Amri Kumi za Mungu. Yule dume mwenye nundu asiyetaka kuona dume mwingine, huyo akawa Usiwe na Miungu Mingine. Bibi kizee anayelala njiani tukichoka kumsukuma, akawa Ikumbuke Sabato. Mla mtama wa jirani akawa Usiibe. Mweupe anayelia kama mwenye ndama na ndama hana, Usishuhudie Uongo. Yule wa kijivu, mkubwa mzima bado anamfuata mama yake kama kitoto, akawa Waheshimu Baba na Mama. Na ulipomtaja Usizini, mama alijifunika uso kwa kanga akacheka hadi akakaa chini.

Hata baba, ambaye hajabatizwa wala hana haraka hiyo, alikuwa akija kusikiliza. "Huyo Mungu wenu ana ng'ombe wangapi?" akakuuliza siku moja.

"Wote, baba. Wote duniani ni wake."

"Basi ni mtu wa maana," akasema baba, akaendelea kuvuta kiko.

Nilikupenda siku zile, kaka. Naandika hivyo halafu hasira inanipanda upya.

Ukaoa. Ng'ombe wakahitajika, baba mkubwa akatoa wake, baba akatoa wanne. Wazee wa ukweni kwako waliingia zizini wakachagua wenyewe, na macho yao makali: wakamchukua kizee wa Sabato kwa sababu bado anazaa, wakamchukua mweupe, wakamchukua mwizi wa mtama, wakamchukua wa kijivu. Hiyo ni haki yako, sina neno. Ulipokuwa unapanda lori na mkeo ukawashika Luhende na Kabula vichwa: "Msimu mmoja tu. Kabla hamjahojiwa na mwalimu wa dini nitakuwa nimerudi." Msimu umepita, na mwingine juu yake.

Basi nikashika kazi yako. Nilitangaza kijiji kizima kwamba darasa sasa ni langu, na kwamba wanafunzi wangu watajibu kuliko watoto waliozaliwa misheni. Nikawafundisha vile vile ulivyofanya, mlangoni mwa zizi, kila jioni. Ng'ombe anaingia, mtoto anataja. Walitaja bila kukosea hata mara moja. Kumbe walikuwa wanataja sita! Mimi nilihesabu ng'ombe jioni, amri sikuhesabu.

Siku ya mahojiano kanisa lilijaa. Mimi nimevaa shati lako la kola, lile uliloliacha, nimekaa mbele kabisa. Mwalimu Petro akamwita Luhende. Luhende akafumba macho, namjua, alikuwa analiona zizi. Akazitaja sita haraka haraka, akafumbua macho.

"Nyingine?" akauliza mwalimu.

Luhende akanitazama. Nami nikatazama paa.

Kabula akanyoosha mkono. "Mwalimu, zile nne zilikwenda ukweni kwa kaka."

Watu walicheka hadi benchi la nyuma likaanguka. "Yaani amri za Mungu mmetolea mahari?" mwalimu akasema, na yeye amejishika mbavu. Mama peke yake hakucheka. Na mimi, mwalimu mkuu mwenye shati la kola, nilitoka kwa mlango wa pembeni.

Wewe hukuwepo. Ulipaswa uwepo ucheke na wewe, halafu usimame useme, "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyewafundisha hivyo." Aibu yako nimeivaa mimi pamoja na shati lako.

Nyumbani baba hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema, "Mwalimu amewapa mwezi mmoja. Wakishindwa tena hawapati jina la ubatizo, na bila jina misheni haiwapokei shuleni. Basi Luhende atachunga, na wewe Shija utakwenda Shinyanga kwenye kinu cha pamba. Nafasi ipo, nimekwisha kuuliza."

Kinu cha pamba, kaka! Mshahara, viatu, treni inapiga honi mbele ya macho yako! Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, watoto washindwe, mimi niende. Lakini nikamwona Luhende ameishika ile fimbo, anaipima urefu wake na kimo chake. Nilikuwa na umri ule ule.

Nikajaribu kuwafundisha kwa vidole, kwa mawe, kwa mahindi. Wapi. Zile nne zilikuwa na pembe na mikia vichwani mwao. Nikawachukua, tukatembea tangu asubuhi mpaka jua la utosi, hadi kwa wakwe zako, wakawaone ng'ombe wenyewe.

Mama mkwe wako alipotuona aliangusha ungo. "Jamani! Masanja amemwacha mwanangu?"

"Hapana, mama. Tumekuja kuwaangalia wale ng'ombe."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nani asiyejua kwamba upande wa mume ukija kuangalia ng'ombe wa mahari, unawataka warudi? Baba mkwe wako akawaita ndugu zake watatu, wakasimama mlangoni mwa zizi na marungu. "Wewe kijana," akaniambia, "ng'ombe waliokwisha kuingia hapa hawaangaliwi." Mimi, mbabe wa kijiji, nikarudi nyuma hatua tatu.

Kabula akapenya katikati ya miguu yao. "Waheshimu Baba na Mama!" akaita. Yule wa kijivu akainua kichwa, akaja mpaka kwenye ua, akamlamba mkono. Mzee akateremsha rungu. "Ng'ombe wangu mnamwita nani?" Ikabidi Kabula amweleze wote wanne. Alipofika kwa mwizi wa mtama, mzee alicheka mpaka machozi, maana siku ile ile alikuwa amegombana na jirani yake kwa ajili ya huyo huyo.

Wakatupa maziwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Halafu mzee akaniuliza polepole, "Na Masanja mwenyewe anakuja lini? Sisi tangu mvua za kwanza hatujapata habari ya mtoto wetu."

Nikasema, "Mavuno yakianza, baba." Nikasema uongo nimeegemea ubavu wa Usishuhudie Uongo. Umeona unanifanyisha nini? Mama wa watu anaangusha ungo kwa kumwona mgeni, kwa sababu mstari mmoja wa barua umekushinda. Wewe mwenye darasa la sita!

Mwezi ulipoisha, Luhende alitaja zote kumi. Mwalimu akamgeukia Kabula, akazitaja naye, akamalizia, "Na zile nne za ukweni hazijambo." Watabatizwa Jumapili ijayo, na shule ikifunguliwa Luhende anaingia. Baba ametimiza neno lake. Akauliza tu, "Sasa nani atachunga?" Nikamwambia mimi. Nafasi ya kinu amepewa mtoto wa jirani, na jana amepita hapa makusudi kunionyesha viatu.

Usidhani nimefanya hivyo kwa ajili yako, wala usiwaambie hao wenzako kwamba una mdogo mwema. Mimi si mwema. Nina hasira nikiamka, nina hasira nikikamua. Mama akinisikia nikisema jina lako hunyanyuka akaenda kuchota maji, hata kama mtungi umejaa.

Barua usijibu. Barua zako nazijua, salamu kurasa mbili na habari mstari mmoja. Zawadi usilete. Mpeleke mkeo akaonane na mama yake, halafu njoo nyumbani kwa miguu yako.

Ni mimi mdogo wako Shija, ambaye Luhende na Kabula siku hizi wananiita kaka mkubwa, nami naitika.