Alama ya Hanna

Jumatano, 10 Julai 2024

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka huku Sombetini, mlima hauonekani kabisa. Afadhali. Leo sina hamu ya kuutazama.

Sifaeli kapiga simu asubuhi. Anauza kihamba, shamba la migomba la ukoo. Nikamuuliza, kihamba kipi? Akacheka: kwani kaka, mimi ninavyo vingapi? Cha chini, pale Akeri, alichopewa na baba kwa kuwa ni mtoto wa mwisho. Chenye nyumba ya wazazi. Chenye makaburi. Baba, mama, na tangu Machi — Hanna, mke wangu.

Mdogo wangu anataka gari, Noah ya kubeba abiria wa Momela. Mnunuzi ni mtu wa mjini, atajenga hosteli ya wapanda mlima. Na makaburi? Eti mnunuzi ni mstaarabu, kasema yatahamishwa kwa heshima.

Kwa heshima! Nusu ya umri wangu nimegombana na watu magazetini, na leo nilichoweza ni kukata simu. 

Jioni kanitumia ujumbe. Nilete nusu ya bei kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, atamwambia mnunuzi aende zake. Iliyobaki tutaelewana kindugu. Kindugu!

Alhamisi, 11 Julai

Nimepiga hesabu. Akiba yote, ng'ombe nikimuuza, gazeti likinilipa makala zangu za tangu Pasaka. Pengo bado ni milioni mbili.

Prisca kapitia akitoka kwenye kibanda chake cha uwakala wa pesa za simu Ngarenaro. Kakope benki, baba. Ila kwanza lipia uone skoo yako, ile alama ya mkopaji, ujue wakopeshaji wanakuonaje.

Niliwaka. Mwaka jana si niliandika ukurasa mzima juu ya hao watu wa alama? Wanakusanya habari zangu bila kuniomba, halafu wananiuzia mimi mwenyewe! Ni mtu anaingia shambani kwako, anakata mkungu wako, kisha anakungoja barabarani akuuzie. Na wewe unatoa pesa unasema asante!

"Umemaliza?" Prisca huyo. "Ni elfu kumi na tano tu, baba."

"Si elfu kumi na tano! Ni msimamo!"

"Haya. Jumamosi kamwonyeshe baba mdogo huo msimamo."

Ana ulimi wa mama yake huyu mtoto. Nilimsamehe kwa sababu hiyo tu.

Jumamosi, 13 Julai

Akeri. Kahawa imeiva, nyekundu mpaka juu ya matawi, na hakuna anayeichuma. Udongo wa Hanna bado haujakaa sawa. Tulipanga kumjengea kaburi mwakani, ibada ya kumbukumbu ikifika. Nimeng'oa majani. Nimekaa.

Vaileth, mke wa Sifaeli, aliniletea chai bila kunitazama usoni. "Shemeji, mimi nilimkataza," alisema chinichini. Mume wake akatokea nyuma, simu mkononi, anatabasamu. Anataka nione alama yake. Ya kijani! Mkopo wa pikipiki aliumaliza kabla ya muda, sasa wanambembeleza achukue mwingine.

"Na wewe, kaka? Yako rangi gani?"

Anauza mifupa ya mama, na ni wa kijani. Ningeisoma hiyo kwenye kitabu cha mtu, ningesema mwandishi katia chumvi.

Kabla sijaondoka kaniuliza kama nachukua ndizi za kwenda nazo mjini. Kanikatia mkungu mzima, mzuri. Huyo huyo. Nilimbeba mgongoni akiwa na surua, nikashuka naye mpaka hospitali.

Jumatatu, 15 Julai

Nimelipa. Naandika upesi kabla aibu haijanifikia.

Jibu lilikuja pale pale. Taarifa hazitoshi. Hakuna alama. Ndiyo, elfu kumi na tano, nimeambiwa kwamba hakuna cha kuniambia!

Nikaenda benki kugombana. Nilivaa koti. Binti wa mikopo alinisalimia shikamoo vizuri, akaandika jina langu, akaitazama kompyuta muda mrefu.

"Mzee, jina lako halimo kwenye mfumo."

"Simo vipi? Nina miaka hamsini na sita! Nyumba nimeijenga kwa mkono wangu. Sijawahi kudaiwa senti na mtu!"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, baba."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Asiyekopa hajulikani kama hulipa. Nianze na vidogo vidogo, nilipe, baada ya miezi sita nirudi. Nikamuuliza, sasa hiyo elfu kumi na tano imenisaidia nini? Akafikiri kweli, sikatai. Akasema, mwenye rekodi inamsaidia, anaona makosa, anayarekebisha. "Kwako wewe, mzee... ingekuokolea foleni tu."

Watu nyuma yangu walicheka. Hata mimi kidogo. Nilipofika nje nikashindwa kukumbuka nilikuwa naelekea wapi.

Jumanne, 16 Julai

Simu ya Hanna imelia.

Huwa naichaji. Naiwekea vocha kila mwezi laini isifungwe. Prisca hasemi kitu, ila najua anavyofikiri. Kwaya yake bado wanatuma nyimbo kwenye lile kundi lao, na mimi nasikiliza.

Leo haikuwa kwaya. "Habari HANNA! Alama yako ya nusu mwaka: NZURI SANA. Haijashuka. Unastahili kukopa hadi Sh 2,400,000."

Nilikaa kitandani upande wake.

Alikuwa analipia! Hanna, aliyekuwa akinisomea makala zangu kwa sauti na kurekebisha koma — pamoja na ile ya kuwatukana hawa hawa! Kalipia mwaka mzima. Na kufa hakujaishusha. Hakuna aliyewaambia.

Nikampigia Prisca. Akasema: "Baba, hivi ulidhani ada yangu ya chuo ililipwa na gazeti?"

Basi akanieleza yote. Gazeti lilipochelewa, mama alikopa. Mabati ya jikoni, alikopa. Tulipokwenda mazikoni kwa mjomba, alikopa. Akalipa kwa mayai, kwa kushona sare, kwa zamu yake kwenye kikundi cha akina mama. Mwaka juzi waliwahi kumwandika kimakosa kwamba anadaiwa, ndiyo maana akaanza kulipia. Apate kuchunga jina lake. Hakuniambia, kwa kuwa ningeandika.

Ningeandika, ni kweli.

Jana nilipiga kelele benki kwamba sijawahi kudaiwa senti. Alikuwa anadaiwa yeye.

Alhamisi, 18 Julai

Ng'ombe kaondoka. Gazeti wamesema wiki ijayo.

Nimemwambia Prisca wazo langu: nikope kwa simu ya mama yake. Nilijua atasema nini, nikamwambia hata hivyo. Namba ya siri ninayo. Ni mwaka aliozaliwa yeye Prisca, miaka yote Hanna akinipigia kelele kutoka jikoni, "Baba Prisca, hebu nitolee hela!" Pesa inaziba pengo, na gazeti likilipa inabaki ya kununua saruji.

"Huo ni wizi, baba."

"Namwibia nani? Ni kaburi lake!"

"Sikiliza. Ukichelewa kulipa, anayeandikwa ni nani? Si wewe. Wewe jina lako halimo. Ni mama. Alama yake uliyoona itageuka nyekundu. Kitu pekee alichokuwa akikichunga."

Nikasema marehemu hana haja na rangi. Nikasema jina la mtu si namba ya kampuni. Nikasema mambo mengi, kwa mpangilio mzuri. Ningemshinda mtu yeyote redioni.

Prisca alikuwa analia, anaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. "Kesho kutwa nakwenda kuifunga hiyo laini," alisema. "Cheti cha kifo ninacho."

Ijumaa, 19 Julai

Akeri, saa tatu asubuhi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo ya kuchumia kahawa, kati ya mama na Hanna. Ukungu umepasuka, mlima wote uko wazi, mpaka kileleni. Umechagua siku!

Sifaeli kazihesabu pesa zangu mara mbili. Hazifiki. Kaka, mimi nakupenda, lakini jamaa ameshatoka mjini. Akija na pesa kamili nitamwambia nini? Kaenda kusimama getini. Kavaa shati la kanisani.

Simu ya Hanna iko gotini. Nimeifungua. Nimeandika kiasi. Nimeandika mwaka wa Prisca. Imekubali.

Sasa inauliza swali moja.

"Je, wewe ni HANNA? NDIYO / HAPANA."

Vaileth katoka jikoni, kaniona, karudi ndani na kufunga mlango polepole.

Nina maneno mengi sana juu ya swali hili. Nimeandika kurasa na kurasa juu ya maswali kama haya. Kioo kinafifia — nimekigusa kisizime. Kinafifia tena. Nimekigusa.

Gari la mnunuzi linapanda. Nalisikia likibadilisha gia pale kwenye kona ya kanisa. Sifaeli anafungua geti.

Kinafifia