Mnara Wangu Umeinama na Watu Wanaupenda

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize, halafu unisaidie. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na moja, fundi wa kuchomelea vyuma, mtaani wananiita Cheche, na si kwa ajili ya cheche za mashine tu, ni kwamba nikifika mahali panawaka. Shule niliiacha darasa la saba, au yenyewe iliniacha, inategemea unamuuliza nani, lakini mkono huu ukishika chuma hata mwenye digrii anasogea pembeni atazame. Hayo nakwambia ili ujue unaongea na nani.

Karakana ninayofanyia kazi ni ya mjomba, ndiye aliyenifundisha, na ukutani ametundika kalenda ya duka la rangi yenye picha za sehemu maarufu za dunia, kila mwezi na yake: Januari Piramidi za Misri, Februari Ukuta wa China, Machi Taj Mahal, na kuendelea. Dunia nimeizunguka hapo hapo, nikisubiri chuma kipoe. Mnara wa Eiffel naujua pembe kwa pembe, na nimeshatamka mbele ya mashahidi kwamba nikipewa vyuma vya kutosha na umeme usiokatika, wiki tatu nawachomelea wa kwangu.

Basi miezi miwili iliyopita mjomba alisafiri kwenda kupiga paa la kiwanda, akaniachia karakana na neno moja tu: "Kazi za kwenda juu usiguse mpaka nirudi." Hata wiki haijaisha, mama mwenye mgahawa wa pale kona akaja, anataka mnara wa chuma wa kuweka tangi la maji la lita elfu mbili, na mimi mdomo ukajibu kabla kichwa hakijaulizwa, nikasema, "Mama, umefika kwenye chemchemi yenyewe." Siku ya kuchimba mashimo ya miguu akanionya, "Mwanangu, huo mguu wa upande wa meza uuangalie, hapo zamani palikuwa na shimo la maji machafu, tulilifukia tu." Nikamwambia, "Mama, wewe shughulika na chai, chuma niachie mimi." Pima maji ya mjomba, ile ya kuonyesha kama chuma kimesimama wima, ilikuwa sandukuni na sanduku lina kufuli, lakini hata lingekuwa wazi nisingeigusa, maana nilikuwa nikijisifu kwamba jicho langu ndilo pima maji.

Mshauri, mnara ulisimama wima siku tatu. Siku ya nne tangi limejaa pomoni, ule mguu ukazama, mnara mzima ukainama kama mtu anayesikiliza maneno ya watu dirishani. Dereva wa teksi anayeegesha pale akawa wa kwanza kuuona, akapaza sauti, "Oya fundi, mnara wako umelewa?" Watu wakaangua kicheko, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akautazama mnara, akanitazama mimi, akautazama tena. Hapo ndipo ulimi wangu ulipotangulia mbele na kuniacha nyuma.

"Kulewa nini? Tatizo lenu hamjatembea," nikasema. "Huu ni mtindo. Kule Italia upo Mnara wa Pisa, umeinama hivi hivi, watu wanapanda ndege kwenda kuutazama, nyinyi mmeletewa mlangoni mnalalamika!"

Nikatoka mbio hadi karakana, nikachana mwezi wa nane kwenye kalenda, nikawaletea picha. Mama akaishika, akafumba jicho moja, akalinganisha. Halafu akacheka. Mshauri, yule mama tangu afiwe na mumewe mwaka juzi sijamwona akicheka hadi anashika meza asianguke. Akasema, "Ama kweli! Tena huu wangu umewashinda!"

Toka siku hiyo mambo yakawa moto. Dereva wa teksi akapiga picha amenyoosha mikono kana kwamba anauzuia usianguke, wenzake wakamwiga, wanafunzi wakaja, maharusi wakaja na gauni lao, mzee mmoja na mkewe walipiga picha wanausukuma kwa migongo wakacheka mpaka wakaitisha chai ya pili. Mama ameongeza viti, amepaka ukuta rangi na kuandika MGAHAWA WA PISA, CHAI NA MNARA, na namba ya simu chini yake. Nimekuwekea picha ndani ya bahasha ujionee, mwenye kofia nyekundu ni mimi, naushikilia kwa kidole kimoja. Jirani mfuga kuku anataka nimjengee banda la mfano wa Taj Mahal, mwingine anataka uzio kama Ukuta wa China, nimewaambia wakae foleni.

Sasa siri yangu ni hii, na hakuna aijuaye. Kila Jumatatu asubuhi, mgahawa haujafunguliwa, nafunga nati kwenye uzi, naining'iniza kutoka ukingo wa juu, napima chini umbali wa kutoka kwenye mguu hadi ilipo nati. Jumatatu ya kwanza ilikuwa shibiri moja. Jumatatu hii ni shibiri moja na vidole vitatu. Mnara wangu bado unatembea, mshauri, na unatembea kuelekea kwenye meza.

Na juzi mama ameniita, uso unang'aa, anasema, "Mwanangu, kule kwenyewe si watu wanapanda hadi juu? Nichomelee ngazi, Jumapili tuzindue." Nikaitikia! Nimeshanunua na vyuma. Mjomba naye amepiga simu, habari zimemfikia huko huko aliko.

"Nasikia umejenga mnara. Ulitumia pima maji?"

"Mjomba, huu si mnara wa pima maji."

"Hakuna chuma kisichotaka pima maji," akasema, akakata.

Nimewaza niutie jeki siku ambayo mgahawa umefungwa niunyooshe kimyakimya, halafu niseme umejinyoosha wenyewe kwa sababu ya baridi. Nimewaza pia nihame. Kumwambia ukweli naogopa, si kwa sababu ya jina langu peke yake, ingawa jina langu ni kubwa, bali kwa sababu nikimwambia mama nitakuwa nimemnyang'anya kicheko. Nifanyeje?

Wako, Cheche, fundi wa mnara.

MSHAURI ANAJIBU

Cheche,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, na nimemaliza. Sasa nyamaza unisikilize, najua kwako ni kazi nzito.

Lita elfu mbili za maji ni tani mbili. Ni kama magari mawili madogo, na wewe umeyapandisha juu ya shimo la maji machafu, halafu chini yake umewapanga maharusi watabasamu. Unaniuliza habari za jina? Jina gani litabaki siku vidole vitatu vikiwa shibiri ya pili?

Na kwa kuwa umeifanya Italia shahidi wako, ngoja nikueleze shahidi anasema nini. Mnara wa Pisa haukuinamishwa kwa mtindo. Uliinama kwa sababu udongo wa upande mmoja ulikuwa laini, aibu ile ile ya kwako. Wenyewe walipoona unazidi kulala waliufunga zaidi ya miaka kumi, watu wakakatazwa kupanda, mafundi wakachota udongo polepole upande wa pili mpaka ukarudi kidogo. Hawakuzindua ngazi. Na huo Eiffel unaotaka kuumaliza kwa wiki tatu haukuchomelewa hata mahali pamoja, umeungwa kwa ribiti, misumari minene ya kugongwa ikiwa ya moto, zaidi ya milioni mbili. Kalenda inaonyesha picha, haifundishi kazi.

Lakini ule uzi na nati vimenigusa. Tapeli hapimi. Wewe umetoka kitandani kila Jumatatu kwenda kujipima kosa lako mwenyewe, na hukujidanganya hata kidole kimoja. Fundi yumo ndani yako, ila amekaliwa na mdomo.

Sasa kuna jambo nimelifanya, na sikuombi radhi. Barua yako imenifikia jana mchana. Siri za watu mimi nazitunza, zipo nitakazozikwa nazo. Ila siri iliyoning'inia juu ya vichwa vya watu wanaokunywa chai hiyo si siri, ni hatari. Picha yako ya majivuno ina namba ya mgahawa, kwa hiyo nikapiga. Akapokea mama mwenyewe, nikamwambia mimi ni nani.

"Yule wa gazetini?" akashtuka. "Jamani, fundi wangu amepatwa na mambo ya mapenzi?"

"Hapana, mama. Amepatwa na mambo ya udongo. Toa watu chini ya tangi sasa hivi, fungua koki, maji yote yaende."

Hakubishana. Nilimsikia akiwaambia wateja wahamie upande wa pili na vikombe vyao, na dereva mmoja akiuliza kama chai ya kuhamishwa ni ya bure. Baada ya nusu saa akanipigia: tangi tupu, kamba imezungushwa, hakuna aliyeumia. Zaidi ya hapo sikumwambia kitu, na nilimwomba asikutafute. Nilitaka ufike kwa miguu yako.

Kwa hiyo leo unakwenda. Usianze na Italia. Anza na, "Mama, ulinionya kuhusu lile shimo, sikukusikia." Kicheko chake usikiogopee, hakikujengwa juu ya zege lako. Mwanamke aliyehamisha wateja wote huku akiwatania hafi kwa kusikia ukweli. Ukishatoka kwake mpigie mjomba, umwambie shibiri na vidole, bila nyongeza. Ngazi usiichomelee. Jeki usiiguse. Mnara ushushwe mjomba akiwepo, usimamishwe mwingine mbali na lile shimo, miguu minne ichimbwe mpaka udongo mgumu, na kila chuma kipimwe. Vile vyuma vya ngazi, mwombe mjomba mtengeneze navyo mnara mwingine wa mapambo, wa kimo cha mtu, ulioinamishwa kwa vipimo na kufungwa chini imara, usio na hata kikombe cha maji juu yake. Maharusi wataushikilia huo, na mama ataendelea na ukuta wake uliopakwa rangi. Banda la Taj Mahal mjengee jirani, kuku hawana haraka.

Neno la mwisho. Nilimuuliza mama kama huwa anasoma gazeti letu. Akasema halimpiti, huanza na ukurasa huu huu, saa nne asubuhi, wateja wa chai wakishapungua.

Tazama saa yako, Cheche.