Kishikio cha Shaba

Mwanangu Ezekia,

Wewe ndiye uliyezoea kuniamkia, leo naanza mimi. Sisi tupo. Mkeo Tumaini amerudi sokoni, na binti yenu Neema akitoka shule anashinda kwangu mgahawani. Pumu yake bado inamsumbua, hasa baridi hii. Foleni ya malori hapa Tunduma ni ile ile, na wiki hii madereva wengi wanakula huku wanakohoa. Kila anayeingia anashika mlango, na Neema anashika hapo hapo.

Ndipo nikakumbuka kile kishikio cha shaba ulichonifungia mlangoni. Ulisema, "Mama, virusi havidumu kwenye shaba kama kwenye chuma au plastiki. Ila si papo kwa papo, watu bado inabidi wanawe mikono." Nikacheka, kumbe shaba yote hii inayotupita kwenye malori kutoka Zambia ina kazi hiyo, na sisi tunaiangalia tu.

Halafu kikaanza kuwa cheusi. Mteja mmoja akaniuliza, "Mama, mlango wako hauogi?" Nikaona aibu, nikakipaka rangi ya mafuta, ya fedha. Ulipokuja ukakishika kabla hakijakauka. Ukacheka. "Mama, umekivalisha koti, sasa kitafanyaje kazi? Jumamosi nakuja kuitoa hiyo rangi." Ijumaa ukaanguka kwenye jukwaa la ujenzi kule Vwawa, hukuamka tena.

Sikukuambia kwa nini niliiacha hiyo rangi miezi yote hii. Alama ya dole gumba lako ilibaki pale, mistari yote inaonekana. Asubuhi nikifungua naweka langu juu yake. Tumaini anajua.

Lakini juzi Neema alibanwa kifua mpaka midomo ikabadilika rangi. Alipotulia na dawa yake ya kuvuta, nilinunua msasa, nikakaa mlangoni. Nilianzia upande wa pili. Nikasugua, nikasugua, likabaki dole lako tu. Nikalitoa na lenyewe, baba.

Sasa shaba iko wazi. Nje nimeweka ndoo ya maji na sabuni, anayebisha kunawa hapewi chakula.

Leo Neema ameshinda vizuri. Siku moja haisemi kitu, najua, ila nimeona nikwambie. Lala salama, baba. Nitamwangalia mpaka aweze kujiangalia mwenyewe.

Mimi mama yako